Binti wa Mzee Wieck

Clara alikuwa na miaka minne na bado hajasema neno.

Hakuita mama, hakuomba maji. Watu wa nyumbani walianza kuamini kwamba masikio yake yana kasoro.

Ajabu ni kwamba ukimpigia kipande kifupi cha piano, alikishika. Vidole vilitangulia, ulimi ukafuata baadaye.

Sogea karibu, msomaji wangu, maana simulizi hii haikutungwa. Mengi ya utakayosoma hapa wahusika wenyewe waliyaandika kwa mikono yao, kwenye barua na shajara zilizotunzwa mpaka leo.

Mtoto huyo ni Clara Wieck. Alizaliwa Leipzig, katika ufalme wa Saksonia huko Ujerumani, tarehe 13 Septemba 1819.

Ishike hiyo tarehe 13 Septemba. Nitakudai huko mbele.

Baba yake, Friedrich Wieck, alikuwa mwalimu wa piano. Aliuza piano pia, na aliazimisha vitabu vya muziki kwa malipo. Alikuwa na njia yake mwenyewe ya kufundisha, na aliiamini kwa moyo wote. Alichokosa ni ushahidi: mtoto mmoja wa kuionyesha dunia kwamba njia ile inazaa matunda.

Mama je?

Marianne alikuwa mwimbaji na mpiga piano mzuri. Ndoa ikamshinda, akaondoka na Clara kabla mtoto hajatimiza miaka mitano.

Sheria ya Saksonia haikuwa na maneno mengi: watoto ni wa baba. Clara alipofikisha mitano, akarudishwa kwa mzee.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Masomo kila siku, matembezi marefu ya kuimarisha mwili, sauti za piano asubuhi hadi jioni. Na juu ya yote, shajara.

Unalijua lile daftari ambalo binti huandikia siri zake? Clara naye alikuwa nalo. Ila mwanzoni aliyeliandika alikuwa baba. Mzee Wieck alishika kalamu akaandika "mimi" kwa niaba ya mwanawe, na alipotaka kujitaja mwenyewe, akaandika "baba yangu".

Mtoto akakua akiyasoma mawazo yake katika mwandiko wa mtu mwingine. Mimi kila nikilifikiria hilo, nasimama kwanza.

Oktoba 1828, akiwa na miaka tisa, alipanda jukwaa la Gewandhaus, ukumbi mkubwa wa muziki wa Leipzig. Tarehe 8 Novemba 1830, akiwa na miaka 11, akafanya hapohapo onyesho lake mwenyewe.

Mzee Wieck akapata ushahidi wake. Jina la binti likaanza kusafiri, na pesa zikaanza kuingia.

Lakini wiki chache kabla ya onyesho lile, mpangaji mpya alikuwa ameingia nyumbani kwao na masanduku yake. Mzee mwenyewe ndiye aliyemkaribisha.

Laiti angejua.

*

Mpangaji aliitwa Robert Schumann. Alikuwa na miaka 20, ametoka mji mdogo wa Zwickau.

Baba yake, mchapishaji na muuza vitabu, alikuwa amefariki mwaka 1826. Mama alibaki na ombi moja tu: mwanangu, soma sheria.

Robert alijiandikisha kusoma sheria Leipzig, kisha Heidelberg. Vitabu vya sheria vilibaki vimefungwa, piano ilibaki wazi.

Pasaka ya 1830 alikwenda Frankfurt kumsikiliza Paganini, yule mpiga fidla aliyeisimamisha Ulaya nzima. Aliporudi, mambo ya sheria yalikuwa yamekwisha.

Mama alihangaika, akamwandikia mzee Wieck kumwomba ushauri. Wieck akajibu kwa kujiamini: nipe kijana huyu, ndani ya miaka mitatu nitamfanya mmoja wa wapiga piano wakubwa kabisa walio hai.

Miaka mitatu. Unadhani alifika?

Hakufika. Na sababu yake ilikuwa kidole kimoja.

Robert alikuwa na haraka. Aliona vidole vyake ni vizito, akajitengenezea kifaa cha kumsaidia kuvizoeza. Kidole cha kati cha mkono wa kulia kikaanza kugoma. Kikafa ganzi.

Madaktari wakajaribu kila namna. Mmojawapo alimwagiza auingize mkono katika mwili wenye joto wa mnyama aliyetoka kuchinjwa. Robert akafanya, akamwandikia mama yake kumweleza. Ulimwona kijana wa kusoma mashairi, mkono umezama matumboni mwa mnyama, anaomba kidole kimoja tu kirudi?

Hakikurudi.

Mpiga piano akafa kabla hajazaliwa. Alibaki mtunzi ambaye kichwa kimejaa muziki na mkono haumtii. Muziki wake ungehitaji mikono ya mtu mwingine.

Na mikono hiyo ilikuwa chumba cha pili, ikifanya mazoezi.

Subiri, usikimbilie kuwaza mapenzi. Wakati huo Clara ni mtoto. Robert alikuwa kaka wa kuwasimulia yeye na wadogo zake hadithi za mizimu, akijifunika shuka na kuwatisha mpaka wapige kelele.

Mapenzi yatakuja, tena kwa kuchelewa. Kwanza atapita msichana mwingine.

*

Kabla sijakuletea huyo msichana, lazima ujue Robert alitunga muziki wa namna gani. Usipojua hilo, kesi itakayokuja hutaielewa.

Beethoven alikuwa amefariki mwaka 1827, Schubert mwaka 1828. Vijana wa zama walizoziacha, zama ambazo leo tunaziita za Kiromantiki, hawakutaka muziki uwe mpangilio mzuri wa sauti peke yake. Walitaka useme. Useme huzuni ya mtu fulani, usiku fulani, kwa mtu fulani.

Na hakuna aliyekwenda mbali katika hilo kama Robert. Alipenda vipande vifupi vilivyofuatana haraka: furaha ghafla, kisha kimya, kisha hasira, kisha ndoto. Unapoanza kuzoea hali moja, ameshahama.

Alijigawa watu wawili na kuwapa majina. Florestan, mwenye moto, asiyeweza kukaa kitini. Eusebius, mpole, mtu wa kuota mchana. Mwaka 1834 alianzisha pamoja na wenzake gazeti la muziki hapo Leipzig, na humo Florestan na Eusebius wakaandika kana kwamba ni watu halisi.

Zaidi ya hapo, alificha siri ndani ya noti.

Wajerumani huziita noti kwa herufi, na baadhi ya majina yanaweza kupigwa kwenye piano kama wimbo. Robert aliupenda mchezo huu kupita kiasi.

Sasa msichana. Mwaka huohuo 1834 alifika kwa mzee Wieck mwanafunzi mpya, Ernestine von Fricken, kutoka mji uitwao Asch. Robert akampenda, wakachumbiana kwa siri.

Akaangalia jina la mji wa mchumba: A, S, C, H. Akagundua kwamba herufi zote nne zinapigika. Akaangalia jina lake mwenyewe, Schumann, akakuta herufi zinazopigika humo ni hizohizo nne, kwa mpangilio mwingine!

Mtu mwingine angecheka akasahau. Robert akatunga Carnaval, mlolongo wa vipande zaidi ya 20, karamu nzima ya watu waliovaa vinyago, na karibu vyote vimejengwa juu ya noti hizo chache.

Ernestine yumo, kwa jina la Estrella. Chopin yumo, Paganini yumo.

Lakini kuna kipande kimoja kinaitwa Chiarina. Kimejaa shauku, hakitulii.

Chiarina ni Clara.

Inakuwaje mtu amchumbie Ernestine, na katika muziki huohuo aandike hivyo kuhusu binti wa mwalimu wake?

Ernestine alianza kujiuliza. Uchumba ukalegea, ukaelekea kufa. Na Novemba 1835 ikafika.

*

Clara sasa ana miaka 16. Tarehe 9 ya mwezi huo alikuwa amepiga Gewandhaus utungo wake mwenyewe wa piano na orkestra. Ndiyo, wake mwenyewe! Aliyesimama mbele ya orkestra alikuwa Felix Mendelssohn, kiongozi mpya wa ukumbi ule, kijana wa miaka 26 ambaye Leipzig yote ilikuwa ikimzungumzia.

Siku chache baadaye Clara alikuwa anajiandaa kusafiri kwa maonyesho. Robert akaja kuaga.

Alipokuwa akiondoka, Clara akachukua taa kummulikia ngazi.

Robert akageuka, akambusu.

Baadaye Clara aliandika kwamba macho yalimwingia giza, akadhani atazimia, na ile taa nusura imponyoke.

Wahenga wanasema mapenzi na kikohozi havifichiki. Mzee Wieck hakuwa kiziwi.

Januari 1836 akamhamishia binti Dresden, mbali na Leipzig. Halafu akafanya kosa moja: akasafiri kikazi, akamwacha Clara huko.

Robert alipopata habari, akaenda. Mama yake alikuwa amefariki Zwickau siku chache tu kabla, Februari hiyohiyo. Kijana mwenye msiba, badala ya kwenda nyumbani kwao, akaenda kwa Clara. Hukumu yake nakuachia wewe.

Walikaa pamoja siku kadhaa. Mzee aliporudi, akaambiwa kila kitu.

Unategemea afoke? Alifoka. Unategemea apige marufuku? Alipiga. Akaongeza kwamba Robert akithubutu kuonekana tena, atampiga risasi.

Clara akalazimishwa kurudisha barua zote za Robert. Kuonana hakuna, kuandikiana hakuna.

Ukimya ukaanza. Ulidumu mwaka mmoja na nusu.

*

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo ninapoipendea simulizi hii.

Baba anaweza kufunga mlango. Anaweza kuzuia barua na kumpeleka binti mji mwingine. Lakini Clara alikuwa mpiga piano, na mpiga piano lazima afunguliwe vitabu vya muziki.

Robert akaandikia humo.

Mwaka 1836 ilitoka sonata ya piano. Jalada halikuwa na jina la Schumann. Lilisema tu kwamba ni zawadi kwa Clara kutoka kwa Florestan na Eusebius. Ndani yake, Robert alikuwa amechukua noti kutoka utungo wa Clara mwenyewe na kuzifanya msingi wa wimbo wake. Yeyote angeweza kuinunua dukani. Mmoja tu ndiye angeielewa.

Mwaka huohuo akaanza kuandika Fantasia, kazi ndefu na nzito. Mwisho wa sehemu ya kwanza unasikika wimbo wa Beethoven, kutoka nyimbo alizomwandikia mpenzi aliye mbali. Unaingia polepole, baada ya dakika nyingi za dhoruba, kana kwamba mtu amechoka kuficha. Robert alimwambia Clara baadaye kwamba sehemu hiyo ni maombolezo yake kwa ajili yake.

Watu husikiliza Fantasia wakasifu ukubwa wake. Mimi naisikia ni barua ya mtu aliyekatazwa kuandika.

Je, aliyeandikiwa aliisikia? Au alikuwa ameshamsahau?

Tarehe 13 Agosti 1837 Clara alirudi jukwaani Leipzig. Robert akaingia ukumbini, akakaa kati ya watu. Hawakuwa wamezungumza tangu Dresden.

Clara akakaa kwenye piano. Katika ratiba ya siku hiyo kulikuwa na vipande kutoka Etyudi za Kisimfoni.

Mtunzi: Robert Schumann.

Unaona? Mzee Wieck yumo mjini humohumo, ukumbi umejaa, na binti anampigia Robert muziki wake mbele ya kila mtu. Alieleza baadaye kwamba hakuwa na njia nyingine ya kumwonyesha yaliyo moyoni. Kwa siri alishindwa, basi akafanya hadharani.

Siku hiyohiyo Robert akaandika barua, ikapelekwa na rafiki mmoja wa kuaminika. Aliuliza jambo dogo: bado uko imara? Aliomba jibu la neno moja tu, ndiyo.

Clara akamjibu kwa namna ya kumshangaa: neno dogo hivyo, ndilo unalolitaka? Akalitoa, kwa moyo wake wote.

Wakajihesabu wachumba tangu tarehe 14 Agosti 1837. Kilichobaki ni kumwambia baba.

Robert akachagua siku ya kumpelekea barua. Akachagua siku ambayo aliamini moyo wa mzazi yeyote utalainika.

Tarehe 13 Septemba. Clara anatimiza miaka 18.

*

Nilikuambia uishike, sivyo?

Mzee Wieck aliisoma barua ya posa siku ya kuzaliwa ya binti yake. Clara hakuruhusiwa kuiona. Robert akaitwa kwa mazungumzo.

Hakupata ndiyo, wala hapana iliyonyooka. Alipata ubaridi, maneno ya kuzunguka, masharti juu ya masharti. Alitoka pale akiwa na maumivu kuliko angefukuzwa kwa fimbo.

Mwezi uliofuata mzee akamchukua binti, wakaanza safari ndefu kwenda Vienna.

Huko Vienna palikuwa na wazimu. Tiketi ziligombewa. Hoteli ziliuza keki yenye jina la Wieck. Machi 1838 mfalme wa Austria akampa Clara cheo cha mwanamuziki wa heshima wa jumba la kifalme: msichana mgeni, Mprotestanti, wa miaka 18!

Na usiku, mwanamuziki huyo wa jumba la kifalme alikuwa anaandika barua kwa wizi. Katika safari ile alimwomba Robert radhi kwa mwandiko mbaya, kwa kuwa anaandika amesimama, karatasi iko juu ya kabati, na kila akitaka kuchovya kalamu inambidi akimbilie wino chumba cha pili.

Lakini usidhani Clara alikuwa wa machozi tu. Katika mojawapo ya barua hizo alimwambia Robert wazi: sitaki maisha ya dhiki, na sitaacha sanaa yangu. Tafuta kwanza kitu cha kutulisha.

Robert aliumia. Mimi namwelewa Clara. Binti huyu alikuwa anaingiza pesa tangu utotoni, alijua bei ya ukumbi, ya mafuta ya taa na ya farasi. Alijua pia kwamba hana hata senti moja iliyo mkononi mwake.

Robert akaingia kazini. Tangu uchumba alikuwa akiandika muziki kwa kasi ya kutisha: ngoma 18 ambazo zinaanza na noti za Clara, na ambazo alimwambia zimejaa mawazo ya harusi. Kisha vipande vidogo vya utoto, kwa sababu Clara aliwahi kumwandikia kwamba wakati mwingine anamwona kama mtoto. Alitunga kama 30, akabakiza 13. Kimoja kati ya hivyo, Träumerei, bado kinapigwa na wanafunzi wa piano kila pembe ya dunia. Kisha akatunga Kreisleriana.

Halafu, Oktoba 1838, akaenda Vienna kujaribu kuhamishia gazeti lake huko. Wakaguzi wa serikali wakamzungusha miezi. Akarudi mikono mitupu.

Hapana, si mitupu kabisa. Alikuwa ametembelea nyumba ya kaka yake Schubert, akakuta kati ya makaratasi simfoni kubwa ambayo hakuna ukumbi uliokuwa umeipiga mbele ya watu. Akaituma Leipzig, na Machi 1839 Mendelssohn akaipiga. Hilo peke yake lingetosha kumpa mtu heshima ya maisha.

Kwa mzee Wieck halikuwa na thamani ya kikombe cha kahawa. Schumann ameshindwa Vienna, basi. Na yeye alikuwa na mpango mwingine, mkali zaidi.

*

Januari 1839 mzee alikuwa amemruhusu Clara aende Paris. Bila yeye.

Kwa mara ya kwanza maishani baba hakupanda gari. Alimpa mwanamke wa Kifaransa wa kumsindikiza, ambaye Clara hakumjua, akamwacha aende. Hesabu ilikuwa rahisi: binti atahangaika, atapotea, atarudi analia.

Clara hakurudi analia. Alitafuta kumbi, akapanga maonyesho, akapata wanafunzi, akamwachisha kazi yule mwanamke. Miezi ile akagundua jambo ambalo shajara ya baba haikuwahi kuliandika: anaweza.

Tarehe 15 Juni 1839, hukohuko Paris, mbele yake pakawekwa karatasi kutoka Leipzig.

Ilikuwa ombi kwa mahakama. Robert Schumann na Clara Wieck wanaiomba mahakama iwape ruhusa ya kuoana, kwa kuwa baba anakataa.

Akitia saini, anamshtaki mzazi aliyemlea, aliyemfundisha kila noti anayoijua.

Akatia saini.

Aliporudi Saksonia, mlango wa nyumbani ulikuwa umefungwa. Akaenda Berlin kwa mama yake, yule Marianne aliyeondoka miaka 15 iliyopita. Mama akampokea, akatoa idhini yake ya ndoa kwa maandishi.

Baridi ikakaribia. Clara akatuma mtu kwa baba amletee koti lake la baridi.

Mzee Wieck akauliza huyo binti Wieck ni nani. Yeye anawajua mabinti Wieck wawili tu, wale wadogo wa mke wake wa pili. Mwingine hamjui.

Koti halikutoka.

Kilichotoka ni masharti. Clara asamehe thaler 2,000 alizozichuma kwa miaka saba ya maonyesho. Na vitu vyake, piano ikiwemo, avikomboe kwa thaler 1,000.

Mahakama ikaita Oktoba, mzee hakutokea. Ikaita tena.

Tarehe 18 Desemba 1839 akatokea.

Wote watatu wakawa chumba kimoja. Mzee akasimama, akamwaga yote. Schumann hana kipato. Schumann hajui kuongea, sauti haisikiki. Mwandiko wake hausomeki. Muziki wake haueleweki. Anamtaka binti yangu kwa sababu ya pesa za maonyesho.

Alipandwa na hasira kiasi kwamba jaji alilazimika kumnyamazisha, tena zaidi ya mara moja. Clara aliandika kwamba kila baba yake aliponyamazishwa, ni moyo wake yeye uliochomwa.

Na katikati ya yale yote, mzee akatoa shtaka moja ambalo halikuwa kelele.

Schumann ni mlevi.

Tarehe 4 Januari 1840 uamuzi ukasomwa. Kipato: hoja imetupwa. Mwandiko: imetupwa. Sauti, muziki, tamaa ya pesa: zote zimetupwa.

Imebaki moja. Ulevi. Mzee Wieck apewe muda, alete ushahidi.

Mzee hakupoteza siku. Akakata rufaa. Na mashtaka yake akayatoa nakala, yakatumwa mpaka miji ambayo Clara alitarajiwa kupiga piano majira hayo: Berlin, Hamburg, Bremen. Binti apande jukwaani mbele ya watu waliokwisha kusoma aibu ya mchumba wake, kwa kalamu ya baba yake.

Sasa niinamie nikuambie jambo ambalo mahakama ilikuwa haijalijua.

Ndani ya nyumba ya Robert palikuwa na shajara. Hii aliiandika mwenyewe. Na humo, kwa mkono wake, kurasa za miaka ya ujana zinataja chupa, usiku wa kulewa, na asubuhi za kujuta. Tena baadhi ya usiku huo aliuishi chini ya paa la nani? La mzee Wieck.

Kwa hiyo mzee ana pa kuanzia. Anachohitaji ni shahidi.

Robert naye anahitaji wa kwake, mtu ambaye neno lake hakuna jaji wa Leipzig atakayelipuuza. Yuko mmoja, na jina lake umeshalisoma leo. Ana nafasi mjini, ana heshima ya kupoteza, na ugomvi huu si wake.

Je, atakubali kusimama mahakamani na kuapa kwamba Robert Schumann si mlevi?

Kalenda nayo haisimami. Tarehe 13 Septemba 1840 Clara atatimiza miaka 21.

ITAENDELEA WIKI IJAYO